Theluji Si Moja

Ndugu wasomaji, na ninyi wanafunzi mnaosoma kwa sauti ili wazee wasikie, leo twataka kuwaelezeni habari za mchezo wa nchi za baridi, nao ni kuteleza mlimani juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Wenyewe huuita mchezo huo skii, na mbao zake huitwa skii vile vile. Huenda mmoja wenu akauliza: "Sisi tulimao mihogo na mtama, habari hizi zatuhusu nini?" Ni swali la haki, na yatupasa kulijibu kabla ya kuendelea.

Kila mtu ana kitu ambacho macho ya mgeni hukiona kuwa ni kimoja, na macho ya mwenyewe hukiona kuwa ni vingi. Mgeni akifika pwani huona maji. Mvuvi huona bamvua na maji mafu, mkondo na mwamba. Mgeni akifika shambani huona udongo. Mkulima huona kichanga, mfinyanzi na tifutifu. Ndivyo ilivyo theluji. Aitazamaye kwa mbali huona weupe tu, kama shuka iliyoanikwa. Lakini watu waendao kuteleza huko milimani hukutana na theluji za namna tano au sita kabla jua halijatua, na kila namna yataka mwendo wake. Tena iko namna moja iuayo. Basi tutaangalia mambo matatu: theluji ni nini, hubadilikaje katika siku moja, na marafiki waendao pamoja hulindana vipi.

THELUJI NI KITU GANI

Watu wengi hudhani kwamba theluji ni mvua iliyoganda. Sivyo. Mvua iliyoganda ni ile mvua ya mawe tuijuayo, ipasuayo majani ya migomba. Theluji huzaliwa kwa njia nyingine. Juu mawinguni, penye baridi kali, kipande kidogo mno cha barafu huanza juu ya chembe ya vumbi. Kisha mvuke wa maji uliomo hewani huja ukakishika, ukigeuka barafu papo hapo bila kuwa maji kwanza. Hivyo chembe ile hukua kama ua lenye pembe sita. Mwaka 1936 mtaalamu wa Kijapani, Bwana Ukichiro Nakaya, alifaulu kuotesha chembe hizo katika chumba cha baridi, akaonyesha kwamba umbo lake hutegemea baridi na unyevu wa mahali zilipokulia.

Maua hayo yakianguka hulaliana kwa pembe zao, na kati yao hubaki hewa nyingi. Ukijaza ndoo theluji mpya ukaiyeyusha, mara nyingi utapata maji ya sehemu moja tu katika kumi ya ndoo ile. Tena kila theluji inyeshayo hujitandika juu ya ile ya kwanza, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Tafadhali likumbukeni jambo hili la mikeka, maana tutalirudia.

Sisi wa Afrika ya Mashariki si wageni kabisa wa theluji. Iko Kilimanjaro, iko Mlima Kenya, iko Ruwenzori. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe wa Kilimanjaro, na kiongozi wake alimwambia kwa neno moja kwamba ni "baridi". Rebmann alipoandika habari hizo, mabingwa wengine wa London walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Hata skii zimefika huko: mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakatumia skii katika kushuka. Siku hizi hapana barafu nyingi kama waliyoiona wao. Tangu mwaka ule zaidi ya sehemu nane katika kumi za barafu ya Kilimanjaro zimekwisha toweka.

SKII NA KAZI YAKE

Skii ni ubao mrefu mwembamba, na ncha yake ya mbele imepinda juu kama omo ya mashua. Kazi yake ya kwanza ni kumzuia mtu asizame. Mtu aendaye kwa viatu katika theluji laini hutumbukia hadi magotini, pengine hadi kiunoni. Lakini ubao hueneza uzito wake mahali pengi, kama vile mtu avukaye matope kwa kulaza ubao juu yake. Kazi ya pili ni kuteleza. Skii isuguapo theluji hutoa joto kidogo, na joto hilo huyeyusha utando mwembamba mno wa maji, nao ndio mafuta ya njia. Kwa hiyo baridi ikizidi sana, utando huo huwa haba, na theluji hukwaruza kama mchanga. Na theluji ikiloa sana, maji yake huunyonya ubao kama matope yanyonyavyo mguu.

Chombo hiki ni cha zamani mno. Katika nchi ya Sweden, mahali paitwapo Kalvträsk, imeonekana skii iliyozikwa kinamasini kwa muda wa miaka zaidi ya 5,000. Watu wa kale hawakucheza nazo. Walizitumia kuwindia na kusafiria. Katika karne ya 19 Mnorwei mmoja wa Morgedal, jina lake Sondre Norheim, alizidisha ustadi kwa kuufunga mguu barabara kwa fito laini zilizozunguka kisigino, hata akaweza kuruka na kugeuka upesi bila skii kumtoka. Mwaka 1888 Fridtjof Nansen na wenzake watano waliivuka Greenland yote kwa skii, na tangu hapo habari za mbao hizo zikaenea Ulaya.

Wala msidhani kwamba watu wetu hawajaujaribu mchezo huu. Mwaka 1998, katika mashindano ya Olimpiki ya Nagano huko Japani, Mkenya Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji, alishindana mbio za skii za kilomita 10. Alifika wa mwisho. Lakini mshindi, Mnorwei Bjørn Dæhlie, hakuondoka. Alimngoja penye kikomo cha mbio, akamkumbatia. Boit naye akamwita mwanawe mmoja jina la Dæhlie. Katika michezo ya theluji heshima ya namna hiyo ni jambo la thamani, maana mlimani mtu hana jirani ila yule aliyekuja naye.

MARAFIKI WATATU WA MWAKA 1894

Sasa tusikie habari ya siku moja ambayo habari zake ziliandikwa. Mwezi wa Machi mwaka 1894, watu watatu waliondoka Davos, mji wa Uswisi ulioko juu milimani, kabla ya mapambazuko. Nia yao ilikuwa kuvuka safu ya milima, wafike kijiji cha Arosa. Wawili walikuwa ndugu, Tobias na Johannes Branger, wenyeji wa Davos. Tobias alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Walijifundisha skii wenyewe, na husemekana kwamba walifanya mazoezi yao gizani ili wasichekwe na majirani. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wamekwisha kuivuka njia ile. Wa tatu alikuwa mgeni, Bwana Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Alikuja Davos kwa ajili ya mkewe, maana hewa ya mji ule ilisifiwa kuwa yafaa wagonjwa wa kifua kikuu.

Safari yao haikuwa ya theluji moja. Penye mteremko mkali waliikuta imeganda ngumu, hata ikawapasa kupiga chini kwa nguvu ili skii zishike, na chini yao hapakuwa mahali pa kuangukia. Walipokwisha kupita kilele cha njia, upande wa pili ulikuwa laini na mrefu, wakateleza bila hata kuinua mguu. Karibu na Arosa mteremko ukazidi tena. Wale ndugu wakavua skii, wakazifunga pamoja, wakazikalia kama gari. Doyle naye akafanya vivyo hivyo, lakini skii zake zikamponyoka zikaenda zake, naye akashuka kwa makalio. Baadaye aliandika kwa mzaha kwamba fundi wake wa nguo alimhakikishia kuwa kitambaa cha suruali ile hakiwezi kuchakaa, naye ameona kuwa maneno yale si kweli. Wakafika Arosa kabla ya adhuhuri, mapema kuliko walivyotazamiwa.

Doyle alipowahadithia Waingereza safari hiyo, alitabiri kwamba siku moja watu wa kwao watakwenda Uswisi kwa mamia kwa ajili ya skii. Maneno yake yametimia kupita alivyodhani. Lakini sisi twalitazama jambo jingine zaidi. Mgeni yule alikuwa mtu mashuhuri, na wenyeji wake walikuwa mafundi wa kawaida. Hata hivyo, mlimani wao ndio waliotangulia, naye akafuata. Theluji haiulizi mtu ana jina gani mjini.

SIKU MOJA YA MWEZI WA MACHI

Tuje sasa katika siku zetu, tukae papo hapo Davos. Juu ya mji pana reli ivutwayo kwa kamba ya chuma, iliyofikishwa mahali paitwapo Weissfluhjoch mwaka 1932. Mahali hapo pako juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta 2,600. Kutoka hapo mtu aweza kuteleza upande wa pili, kilomita 12 hivi, hadi kijiji cha Küblis kilicho bondeni chini ya meta 850. Kisha hurudi Davos kwa gari la reli. Tuwafuate kwa mawazo marafiki wanne washukao njia hiyo siku ya jua ya mwezi wa Machi, siku mbili baada ya theluji mpya kunyesha na upepo kuvuma. Lugha yetu haijawa na majina ya theluji zote, lakini jikoni mwetu na mashambani mwetu mna majina yatoshayo.

Ya kwanza ni theluji ya sakafu. Asubuhi, njia kubwa huwa zimesawazishwa usiku na mitambo mizito, na baridi imezikaza. Hapa skii hukimbia sana, na mtu husikia ukwaruzi chini yake. Kinachomwezesha kugeuka ni ukingo wa chuma ulio pembeni mwa skii, ambao Mwaustria Rudolf Lettner aliubuni katika miaka ya 1920. Kabla yake mti mtupu uliteleza ovyo juu ya theluji ngumu. Mtelezaji hulaza skii upande kidogo ili ukingo uume. Asipofanya hivyo hupelekwa asikotaka.

Ya pili ni theluji ya unga. Hii hukaa katika pande zisizopata jua, ambazo kwa nchi zile ni pande zitazamazo kaskazini. Ni kavu na nyepesi, na ukiitupa hewani hupeperuka. Hakuna ipendwayo kama hii. Mtu huenda kama aliye majini, bila sauti, na theluji ikimrukia kifuani. Hapa haifai kuegemea mguu mmoja kama penye sakafu, maana mguu ule utazama. Sharti miguu yote miwili ichukue uzito sawasawa.

Ya tatu ni theluji ya upepo. Juu ya matuta ya mlima upepo huzivunja pembe sita za chembe, ukazisaga, ukazisukuma hadi upande uliokingwa, na huko chembe hizo zilizosagwa hushikana kama chokaa iliyopigwa. Mahali pengine hufanya mawimbi magumu kama mchanga wa pwani maji yakishakupwa. Ukiipiga kwa fimbo hutoa sauti ya ngoma. Wenye ujuzi wakiisikia sauti hiyo husimama.

Ya nne twaiita theluji ya ukoko, maana ni sawa na ukoko wa wali chunguni: juu pakavu na pagumu, chini laini. Hutokea jua linapoyeyusha uso wa theluji mchana, na baridi ya usiku kuugandisha. Hii ndiyo ichukiwayo kuliko zote. Humchukua mtu hatua tatu, ya nne ikavunjika. Skii huzama na kunaswa chini ya ukoko, hali mwili ungali ukienda mbele. Magoti mengi yameumia hapo. Mwenye busara hupunguza mwendo, hugeuka kwa mapana, na akiona haya hayatoshi, husimama, akainua skii na kujigeuza kwa miguu. Wala hakuna wa kumcheka.

Ya tano ni theluji ya chenga. Ukoko ule ukiyeyushwa na kugandishwa siku nyingi, chembe zake huwa kubwa na duara kama mtama. Jua la asubuhi likiulainisha uso wake kwa upana wa kidole, hapo ndipo raha, maana juu ni laini na chini ni imara. Lakini saa hiyo ni fupi. Mchana ukiendelea, chenga hugeuka kuwa ya sita, nayo ni theluji ya uji. Huko chini, karibu na vijiji, uji huo hufika juu ya vifundo vya miguu, mito midogo husikika ikipita chini yake, na majani makavu ya malisho huonekana. Miguu imechoka, na skii yataka kusimama ghafula. Marafiki wengi wameshuka salama penye hatari, wakaanguka hapa penye ng'ombe na uzio, kwa kuwa mioyo yao ilikwisha kufika nyumbani.

HATARI ILIYOFICHIKA

Tumesema kwamba theluji hutandikwa kama mikeka. Basi pengine mkeka mmoja wa chini huwa mbovu. Katika majira ya baridi ardhi huwa na joto kidogo kuliko hewa. Mvuke hupanda kutoka chini, ukazigeuza chembe za katikati kuwa kubwa na kavu kama sukari ya mawe, zisizoshikana. Au usiku usio na mawingu sakitu huota juu ya theluji kama manyoya, na theluji mpya huja ikaifunika. Juu ya mkeka huo dhaifu upepo huweka bamba lile gumu tulilolitaja. Kwa macho ni weupe mmoja tu. Lakini ni kama ukuta mzito uliojengwa juu ya punje za mtama.

Mtelezaji akiingia, uzito wake waweza kuuvunja mkeka ule dhaifu. Mvunjiko hukimbia chini ya theluji upesi kuliko mtu awezavyo kukimbia, bamba lote hukatika juu yake, na mlima hushuka. Hilo ndilo poromoko la theluji. Wale wenu wakaao milimani, mliokwisha kuona udongo ukishuka baada ya masika, mwaweza kulifahamu bila kuelezwa zaidi.

Wenyeji wa milima ya Alps walilijua jambo hili kabla ya skii kufika kwao. Huko Andermatt, Uswisi, watu walikatazwa tangu mwaka 1397 kukata miti ya msitu ulio juu ya kijiji, kwa sababu miti huishika theluji isishuke. Hata hivyo, katika majira ya baridi ya mwaka 1950 hadi 1951 maporomoko yaliua watu 98 katika Uswisi peke yake, wengi wao wakiwa majumbani na vijijini mwao. Tangu hapo zimejengwa nyua nyingi za chuma na mti milimani, na vijiji vimepata kinga kubwa. Siku hizi wafao zaidi ni wale waufuatao mlima wenyewe. Tena jambo la kusikitisha ni hili: katika maporomoko yauayo watelezaji, karibu tisa katika kumi huanzishwa na mtu wa kundi lile lile. Mlima haukuwaendea, wao waliuamsha.

Kwa nini basi watu huingia? Kwa sababu mahali pa hatari ndipo pa raha. Pembe mraba ina digrii 90. Mteremko ulio chini ya digrii 30, yaani theluthi ya pembe hiyo, kwa kawaida hauachii bamba. Na ule uzidio sana digrii 45, yaani nusu yake, hauweki theluji nyingi. Maporomoko mengi ya mabamba hutoka kati ya hizo mbili, na miteremko hiyo hiyo ndiyo itamaniwayo na kila mtelezaji hodari.

Ziko dalili. Theluji nyingi mpya pamoja na upepo; mguno mzito chini ya miguu, kama mtu apumuaye kwa nguvu; ufa unaokimbia mbele ya skii; joto la ghafula; poromoko jingine lililokwisha kushuka upande huo huo. Lakini alama za skii za watu waliotangulia si dalili ya usalama. Huenda wa kwanza na wa pili walipita mahali bamba lilipo nene, na wa tatu akakanyaga pale lilipo jembamba. Wahenga walisema, Usisafirie nyota ya mwenzio, na neno hilo lafaa mlimani kama lifaavyo baharini.

DESTURI ZA WAENDAO PAMOJA

Kazi ya kwanza hufanywa kabla ya kuondoka. Huko Davos kiko chuo cha uchunguzi wa theluji na maporomoko, nacho hutangaza kila siku wakati wa baridi habari za hatari ya mlima. Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya hutumia vipimo vitano: cha kwanza ni hatari ndogo, na cha tano ni hatari kubwa mno. Nusu hivi ya wafao hufa siku ya kipimo cha tatu. Sababu yake yaonekana wazi. Siku ya nne na ya tano watu huogopa wakakaa nyumbani. Siku ya tatu jua huwaka, theluji mpya humeta, na kila mtu hujiambia kwamba tatu si nyingi.

Kazi ya pili ni vyombo. Kila mmoja huvaa kifuani redio ndogo itoayo ishara bila kukoma. Ninyi mnaosikiliza redio mtaelewa: zote hutumia wimbi moja, la kilohezi 457, ili rafiki wa nchi yoyote aweze kumsikia rafiki wa nchi nyingine. Mmoja akifukiwa, wenzake hugeuza redio zao zisikilize, wakaifuata ishara yake. Kisha huchoma theluji kwa ufito mrefu ukunjwao, na wakimgusa humfukua kwa mabeleshi. Kila mmoja sharti awe na vitatu hivyo, maana redio isiyo na beleshi humwonyesha mtu alipo bila kumtoa.

Nayo haraka hapa ni wajibu. Theluji ikisimama hukaza kama saruji, na aliyefukiwa hawezi hata kuinua mkono. Hewa yake huharibika kwa pumzi zake mwenyewe. Akifukuliwa katika dakika 10 au 15 za kwanza, walio wengi huonekana hai. Ikipita nusu saa, walio wengi wamekwisha kufa. Wasaidizi kutoka mjini, hata wakija kwa ndege, mara nyingi hawawahi. Basi uhai wa mtu u mikononi mwa wale watatu alioondoka nao asubuhi.

Kazi ya tatu ni mwendo. Penye mteremko wa mashaka huenda mmoja mmoja, na wengine husimama mahali pa salama wakimtazama, ili mlima ukishuka usiwachukue wote, na wabaki wa kufukua. Hawasimami chini ya mteremko ule. Wala hakuna atanguliaye hata asionekane.

Kazi ya nne haina chombo, nayo ndiyo ngumu kupita zote. Ni kusema. Tuwarudie wale wanne wetu. Wamefika ukingoni mwa mteremko wa unga. Haujaguswa ila kwa alama mbili za skii, jua linawaka, na mkubwa wao mwenye ustadi amekwisha kufunga viatu vyake. Mdogo wao, asiyejua sana, amesikia ngoma chini ya fimbo yake. Akisema, ataonekana mwoga, na pengine atawanyima wenzake raha waliyoingoja mwaka mzima. Akinyamaza, huenda pasitokee neno lolote. Mara nyingi halitokei. Hapo ndipo ubaya wa jambo hili, kwamba mlima humsamehe mjinga mara kumi, naye akahesabu msamaha kuwa ni ujuzi.

Kwa hiyo makundi yenye akili hupatana asubuhi, kabla moyo haujapata moto, kwamba mtu yeyote akisema "Turudi", wote watarudi, bila kumwuliza sana na bila kumcheka jioni. Hawahitaji wengi kukubali ndipo warudi, mmoja atosha. Tena mwenye ustadi ndiye apaswaye kumwuliza mdogo, "Wewe waonaje?" maana mdogo hatasema asipoulizwa. Hao wanne wakirudi kwa njia ya sakafu, hawatajua kamwe kama mteremko ule ungalishuka. Hiyo ndiyo ada ya busara: yeye aepukaye hatari hapati ushahidi kwamba aliiepuka. Atapata chai ya moto jioni, na wenzake watatu mezani.

Ndugu zetu, wengi wetu hatutavaa skii maisha yetu yote. Lakini twavuka mito iliyojaa, twapakia mashua, twachimba visima na mashimo ya mchanga, na mara nyingi twafanya hayo pamoja na vijana walio chini ya amri yetu. Huko nako uko uso mmoja wa juu na mambo mengi chini yake. Basi yafaa tujizoeze kuuliza kama wafanyavyo watu wa theluji: ni nini kilicho chini ya hiki nikionacho? Na kijana akisema, "Mzee, turudi," tumsikilize kwanza, kisha tumshukuru.